Kaya Namba Kumi na Tisa

Kitongoji cha Ng'ambo,
Idodi, Iringa.
4 Machi 2024

Mwanangu Vitus,

Kamwene. Huku tumeamka salama. Mvua mwaka huu imetosha, mpunga umeanza kuinama, na ndege wanatusumbua shambani kutwa nzima mpaka sauti imenikauka kwa kuwafukuza. Eveline, mjane wa baba yako mkubwa, marehemu kaka Amos, alilazwa siku tatu kwa malaria lakini amerudi na ameshaanza kugombana na watu, kwa hiyo amepona. Baba yako mdogo Sifaeli ni mzima kuliko sisi sote. Msalimie mkweo, msalimie mkeo Tusajigwe, na Blessing mwambie bibi anauliza kama ameshajua kuandika kwa mkono au bado anabonyeza tu.

Utashangaa kupata barua katika dunia hii ya simu. Simu yangu imezima tangu Jumatano. Chaji iko nyumbani kwa Sifaeli, na Sifaeli amefunga mlango akaenda Iringa na ufunguo mfukoni. Ile sola uliyomnunulia baba yako, tangu baba yako afariki na Sifaeli ahamie nyumba ile, imekuwa yake na ya redio yake. Basi nimechukua kalamu, na bahasha nampa Dastan, kondakta wa basi la Iringa, atajua mwenyewe atakavyoifikisha Mbeya.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita baada ya ibada, mtendaji wa kijiji alitusomea barua kutoka Dodoma. Unajua kwamba tulikuwa tumeandikiwa kujengewa kituo cha umeme wa jua hapa Ng'ambo, na kwamba akina mama tumechanga miaka mitatu tukanunua mashine ya kukoboa mpunga. Mashine imefunikwa turubai tangu mwaka jana, inasubiri umeme. Barua inasema tumeondolewa kwenye orodha. Sababu: utafiti umeonyesha kwamba asilimia tisini na moja ya kaya za Ng'ambo tayari zina umeme. Mtafiti: Dkt. Vitus Kalinga.

Watu wote kanisani waligeuka kunitazama mimi.

Nilimwomba mtendaji anipe hiyo makala yako niisome. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na nne, Vitus, na neno "jadidifu" nililitafuta kwenye kamusi. Nishati jadidifu, kumbe ni jua. Jua lile lile linalotuchoma huku. Na umeandika "Nyanda za Juu Kusini" wakati Idodi iko chini bondeni na tunatoka jasho hata tukiwa tumekaa. Hivi ulifika? Au ulitutazama kwenye ramani?

Kamati ya Dodoma iliyotuondoa inakaa tena mwezi wa tisa. Waandikie kwamba umekosea. Ni karatasi moja tu.

Ni mimi shangazi yako,
Matilda


Chuoni, Mbeya.
2 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya soda, lakini nimeisoma. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni. Mama Blessing amepata uhamisho kutoka Chunya, sasa anafundisha hapa mjini na vumbi la kule limemtoka kichwani. Blessing yuko darasa la tano na anaandika vizuri sana kwa mkono. Pole kwa Eveline. Baba mdogo nisalimie.

Kuhusu utafiti, nadhani kuna mambo ambayo si rahisi mtendaji wa kijiji kuyaelewa, na sikutegemea ayaelewe. Makala ile iliandikwa kwa wataalamu. Inahusu usawa katika sera ya nishati: kama ruzuku ya serikali inawafikia wenye nacho au wasio nacho. Nilipima vitongoji arobaini kwa njia inayokubalika duniani kote. Wapitiaji watatu wa jarida, mmoja wao yuko Ulaya, hawakuona tatizo. Kwa heshima zote, shangazi, sidhani kama kanisa la Ng'ambo litaona walichokosa hao.

Wadodosaji wangu walipita na orodha ya wakuu wa kaya, kila kaya ikaulizwa, kila kaya ikajibu. Kama watu wa Ng'ambo walisema wana umeme wakati hawana, hilo ni tatizo la watu wa Ng'ambo. Sisi wachumi tunalijua sana. Mwananchi akimwona mtu mwenye kishikwambi, anasema chochote anachodhani kitampatia kitu, kisha anashangaa matokeo. Siwezi kuiandikia kamati kwamba ndugu zangu ni waongo.

Isitoshe mwezi wa nane nasailiwa kwa ajili ya uprofesa mshiriki, na makala hii ndiyo nguzo yangu. Si wakati wa kuchezea.

Nimempa Dastan taa ndogo ya sola kwa ajili yako. Ina sehemu ya kuchaji simu. Sasa utaweza kunipigia.

Mwanao,
Vitus


Ng'ambo, Idodi.
11 Mei 2024

Vitus,

Kamwene. Mpunga tumevuna, namshukuru Mungu. Tumeubeba kichwani mpaka kwa Tadeo mwenye mashine ya dizeli, na Tadeo kama kawaida yake anakoboa huku akijikatia sehemu yake, na pumba zote anasema ni zake. Eveline alimtukana mbele ya watu. Mimi nilijitwika mchele wangu nikaondoka. Kila mtu pale anajua nani ameturudisha kwa Tadeo. Nimefurahi kwa ajili ya Tusajigwe. Chunya haikumfaa.

Taa yako nimempa Dastan akurudishie. Hukunielewa, au umenielewa ukaona nanyamazishwa kwa taa. Sikuomba taa. Niliomba ukweli, na huo hauhitaji kuchajiwa.

Sasa kaa chini, mwalimu wako akufundishe tena, maana naona darasa la kwanza limekutoka.

Walikuja vijana wawili. Binti mmoja anaitwa Goodness, mpole, na kijana mwenye viatu vyeupe ambaye hakutaka kukanyaga matope. Walikaa barazani kwa Sifaeli, wakapewa soda. Binti akasoma kwenye kile kishikwambi: "Je, kaya hii ina umeme?" Wakaambiwa ndiyo. Wakashukuru, wakaenda kwa jirani. Ng'ambo nzima waliimaliza kabla ya saa nane.

Vitus, wewe ni Mhehe au umeshakuwa nani? Mtu wa huku ukimwambia kaya, anasikia kukaye. Anasikia nyumbani, mji mzima: kwa babu, kwa baba, kwa mjane, kwa shangazi aliyerudi, nyumba ya vijana, na zizi pia. Huu mji wetu una nyumba sita. Umelelewa humo, unazijua zote. Yenye sola ni moja. Ukiuliza kama kaya ina umeme, ndiyo, kaya ina umeme. Uko kwa Sifaeli, umefungiwa. Eveline anapika kwa mwanga wa kibatari hatua ishirini kutoka hapo, na kwenye makala yako Eveline ana umeme. Mimi nina umeme. Hata marehemu Amos nadhani umemwekea.

Na wewe unaandika habari za usawa! Umeingia kwenye miji ya watu ukamhesabu mwenye ufunguo, halafu ukatangaza kwamba wote wameshiba.

Nauliza kwa mara ya pili: ulifika?

Shangazi yako,
Matilda


Mbeya.
20 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani. Blessing ameng'oka jino la mwisho la utoto. Taa imefika.

Suala la "kaya" tumelizingatia. Mwongozo wetu unasema wazi kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Wadodosaji walifundishwa hilo siku mbili nzima. Siwezi kubadilisha istilahi ya takwimu ya nchi kwa sababu Kihehe kina neno linalofanana nayo.

Lakini kwa kuwa umesisitiza, nimefungua takwimu zenyewe. Majina hatuweki, tunaweka sifa za aliyejibu tu. Nimeitafuta ya nyumbani. Ni kaya namba kumi na tisa. Umeme: ndiyo. Chanzo: sola. Hali: nzuri. Aliyejibu: mwanamke, miaka sitini na sita, elimu ya chuo, mwalimu mstaafu.

Ng'ambo nzima mwalimu mstaafu wa kike ni mmoja.

Kwa hiyo barua zote hizi, dharau zote hizi, kamusi, ramani, darasa la kwanza, umeniandikia kuhusu jibu ulilolitoa wewe mwenyewe kwa kinywa chako. Binti alikuuliza kwa Kiswahili, lugha uliyoifundisha miaka thelathini na nne. Ungeweza kusema hapana. Ungeweza kusema nyumba sita, yenye sola moja. Ulisema ndiyo, hali nzuri.

Nadhani sasa tunaweza kuliacha jambo hili.

Vitus


Ng'ambo, Idodi.
15 Julai 2024

Vitus,

Kamwene. Hongera kwa jino la Blessing. Huku kiangazi kimeingia na tembo wameanza kushuka kutoka hifadhini, juzi walikula migomba yote ya mtendaji, na sitasema kama nilisikitika.

Ni kweli. Aliyejibu ni mimi. Sifaeli hakuwepo, na sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Nadhani ulijua kwamba nitaona aibu, ndiyo maana umeiandika barua ile kwa raha.

Nitakueleza ilivyokuwa, kisha sitarudia. Binti aliuliza, na mbele yangu juu ya bati la baba yako sola ilikuwa inang'aa. Nilikumbuka siku uliyoileta. Baba yako aliita majirani. Kijana wetu, mtoto niliyemshika mkono kumfundisha kuandika moja na mbili, ametuletea umeme. Sasa anakuja mgeni na soda mkononi ananiuliza kama kwetu tuna umeme. Ningemwambia hapana? Ningeutangaza ugomvi wetu na Sifaeli kwa watoto wa watu? Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa. Nilisema hali nzuri. Nilikuwa najivunia wewe, mjinga mimi.

Na nilipowauliza akina mama wengine, wamesema hivyo hivyo. Hakuna anayemwonyesha mgeni mlango wa mjane. Ungelijua hilo kama ungekuja mwenyewe, maana wewe ungeingia mpaka jikoni bila kukaribishwa. Naona swali langu la kama ulifika bado unalisahihisha pamoja na mitihani.

Sasa sikiliza. Mimi na Eveline na Pendo, katibu wa kikundi chetu cha mashine, tumepita Ng'ambo yote kwa siku nne. Hatukuuliza kaya. Tulihesabu milango, nyumba anayolala mtu, na kila mlango tuliingia tukatazama juu. Miji iko thelathini na nne, na yenye sola ni thelathini na moja. Kwa hiyo asilimia yako tisini na moja ni sahihi kabisa, nakupa vema. Milango ni mia mbili na kumi na miwili. Yenye taa ni ile ile thelathini na moja. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye daktari. Mimi nimepata asilimia kumi na tano, tena haitimii.

Hesabu yote iko kwenye daftari, mlango kwa mlango. Naipeleka kwa kamati pamoja na barua ya kueleza kwamba mimi Matilda Kalinga nilitoa jibu lisilo kweli, na kwa nini. Lakini nitasubiri mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Tangulia wewe. Ukiandika wewe itakuwa mtafiti amesahihisha kazi yake, na watakuheshimu. Nikiandika mimi itakuwa bibi wa kijijini amemuumbua. Sitaki kukuumbua. Nataka mashine itolewe turubai.

Shangazi yako,
Matilda


Mbeya.
23 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Huku jua limerudi na viazi vimejaa sokoni, Mama Blessing amenunua gunia zima bila kuniuliza. Blessing amechaguliwa kusoma shairi siku ya wazazi. Mkwe anasumbuliwa na goti. Tumenunua jiko la gesi lenye mafiga manne, ingawa mawili hatujawahi kuyawasha. Paka amezaa.

Usaili ulikwenda vizuri. Kuanzia mwezi huu mimi ni profesa mshiriki. Walimu wenzangu walinifanyia sherehe ndogo.

Wiki iliyopita niliitwa Dodoma kwa siku moja. Kuna joto sana.

Barua yako ya Julai ilichelewa kunifikia. Sina la kuongeza juu ya mambo ya kitaalamu. Nakuomba tu, kwa siku zijazo, kama kuna jambo la familia lizungumzwe kama la familia, lisifike ofisi za watu. Nina maadui hapa chuoni wanaosubiri neno moja tu.

Msalimie baba mdogo.

Vitus


Ng'ambo, Idodi.
2 Novemba 2024

Profesa,

Kamwene. Hongera kwa cheo, kwa gesi na kwa paka. Huku mvua bado, ila mawingu yanapita. Eveline anakohoa kidogo. Sifaeli ameuza redio, sijui kwa nini, na nyumba imekuwa kimya.

Nilisubiri mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa nane, saa kumi jioni, ofisi ya mtendaji inafungwa. Hukuandika. Siku iliyofuata nikatuma daftari.

Wiki mbili zilizopita wamekuja watu watatu wa kamati. Kwanza waliitisha mkutano na barua yangu ikasomwa hadharani, yote, mpaka pale niliposema nimedanganya. Nilisimama ili wanione. Nyuma walikuwepo watu ambao sasa wana wajukuu, niliowachapa shuleni kwa kosa la kusema uongo, na wakacheka, na nikawaacha wacheke. Kisha tukazunguka na daftari. Ilikuwa milango mia mbili na kumi na miwili, hakuna uliozidi wala kupungua. Yule mama aliyewaongoza aliingia kwa Eveline, akakitazama kibatari, akatoka akijifuta macho kwa sababu ya moshi.

Tulipofika chini ya ile sola akaniuliza, "Mwalimu, mbona wewe na Profesa mna jina moja? Tulipomwita Dodoma tulimuuliza kama anamfahamu Matilda Kalinga wa Idodi. Alisema hamfahamu."

Vitus, niliumia. Nimezika mume, nimezika ndugu wawili, lakini sikujua kama mtu anaweza kuzikwa huku amesimama, na kalamu mkononi. Nilimshika kaka Amos akifa na hakuniumiza hivyo.

Sifaeli alikuwa pembeni yangu, na nikaona anafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema, "Mama, Wakalinga ni wengi Iringa hii." Akauliza sola ile ilinunuliwa na nani. Nikasema marehemu aliyejenga nyumba. Akaandika. Kwa hiyo umepona. Hakuna atakayejua kwamba ulipima vitongoji arobaini ukashindwa kuujua mji ulimozaliwa. Uprofesa wako nimekulindia mimi, kwa uongo wa pili, na safari hii nilidanganya nikijua na bila kujivunia kitu.

Ng'ambo imerudishwa kwenye orodha. Jana wapima ardhi wamepigilia vigingi nyuma ya kanisa, na kikundi kimeamua turubai litolewe siku umeme utakapowashwa. Mtendaji anataka kualika wageni na ameniuliza kama Profesa Kalinga naye aalikwe, maana jina lake limo kwenye makaratasi. Nimemwambia afanye atakavyo.

Msalimie Tusajigwe. Mwambie mtoto akija likizo namsubiri, yeye namfahamu.

Wewe ukialikwa, kaa jukwaani na wageni, ule, upigwe picha. Usivuke kuja mlangoni kwangu. Watu watakuona, na watakuuliza unamtafuta nani.

Matilda Kalinga